Hesabu Saa, Usihesabu Visiwa

Matangazo mawili yako mezani. La kwanza ni la meli inayoondoka Galveston, Texas: siku saba, bandari tatu, yaani Cozumel, Costa Maya na Roatán. La pili ni la meli inayoondoka San Juan, Puerto Rico: siku saba vilevile, lakini bandari ni sita, kuanzia St. Maarten na St. Kitts hadi Antigua, Dominica, St. Lucia na Barbados. Bei zinakaribiana. Wengi watapiga hesabu ya haraka, sita kwa tatu, na kulipia ya pili. Huenda wamepatia. Huenda pia wamenunua wiki nzima ya kuamka alfajiri, pamoja na tiketi tano za ndege hadi San Juan, ilhali kwa familia ya watu watano inayoishi Houston safari ya Galveston ni mwendo wa saa moja kwa gari.

Nawaandikia hasa watu wetu walioko Marekani na Kanada, ambao safari hizi za meli za Karibi zimekuwa kwao njia rahisi ya kukutanisha ndugu waliotawanyika, na wale wa Nairobi au Dar es Salaam wanaoalikwa na watoto wao kujumuika nao. Ushauri wangu ni mmoja. Usichague kwa idadi ya visiwa wala kwa utamu wa majina yake. Chagua kwa saa utakazokuwa ardhini, na kwa kile kilicho karibu na mguu wa ngazi unaposhuka.

Tuanze na ramani, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini ratiba zote zinafanana. Kampuni za meli huigawa Karibi mafungu matatu. Magharibi ni Meksiko, Belize, Honduras, visiwa vya Cayman na Jamaika. Mashariki ni Puerto Rico, St. Thomas, St. Maarten, na mara nyingi Jamhuri ya Dominika au Grand Turk njiani. Kusini ni msururu unaoteremka kutoka Antigua mpaka Grenada, na vile visiwa vitatu vilivyo karibu na pwani ya Venezuela: Aruba, Curaçao na Bonaire. Meli kubwa hukata maili za baharini kama 20 kwa saa, yaani kama 480 kwa usiku na mchana. Kutoka Miami hadi St. Thomas ni karibu maili 1,000. Fanya hesabu mwenyewe: siku mbili za maji matupu kwenda, na nyingine za kurudi. Ndiyo maana safari ya siku saba ya mashariki kutoka Florida huishia kwenye bandari tatu, nne ikizidi sana, na mojawapo huwa Bahama. San Juan imekaa pale visiwa vinapoanza kusongamana, kwa hiyo meli inayotoka hapo hulala kisiwa hiki na kuamkia kingine.

Siku ya baharini si hasara, lakini ijue tabia yako. Wapo watu ambao siku ya tatu bila kuona nchi kavu huanza kuzunguka sitaha kama wamepoteza kitu. Wapo wengine, hasa wanaofanya kazi za zamu hospitalini, ambao siku ya maji matupu ndiyo likizo yenyewe, na bandari sita mfululizo kwao ni kazi nyingine. Ukisafiri na mtoto mdogo anayelala mchana, siku za baharini ni rafiki yako.

Sasa saa. Yeyote aliyekulia Unguja mjini au Mombasa ameshaiona shughuli hii kutoka upande wa wenyeji. Meli inaingia asubuhi, watalii wanamiminika, wanatembezwa Mji Mkongwe wakiwa nyuma ya kijana aliyenyanyua kibao, wanaonyeshwa milango ya nakshi, Ngome Kongwe na mahali palipokuwa soko la watumwa, wananunua karafuu na kanga, na alasiri wamekwisha rudi. Nungwi hawajafika. Jozani labda kwa mbio. Hakuna mwenyeji atakayesema watu hao wameijua Unguja, lakini waliochagua kubaki Mji Mkongwe peke yake wameona kitu, kuliko waliotaka vyote vitatu wakaona dirisha la basi. Huko Karibi wewe ndiye utakayekuwa nyuma ya kibao.

Ratiba ikiandika kwamba meli itakuwepo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, usidhani una saa tisa. Maafisa wa bandari wanapaswa kwanza kuiruhusu meli ishushe watu, na lifti zitajaa. Kushuka saa mbili na nusu ni bahati. Abiria wote hutakiwa wawe melini angalau nusu saa kabla ya kung'oa nanga, na mwenye akili huweka saa moja ya akiba juu ya hiyo. Unabaki na saa saba. Chukua basi hizo saa saba uone zinavyoliwa kwa mtu aliyeshuka Cozumel akitaka kuona magofu ya Wamaya ya Tulum. Cozumel ni kisiwa, Tulum iko bara. Kivuko hadi Playa del Carmen ni kama dakika 45, kisha barabara karibu saa nzima, kisha foleni ya tiketi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu ya siku yako, na saa mbili zilizobaki utazitumia kwenye mawe meupe jua likiwa utosini. Kama magofu ndiyo yaliyokuleta, tafuta ratiba yenye Costa Maya, ambako Chacchoben iko kama saa moja kwa barabara bila kuvuka maji. Si maarufu kama Tulum, na kwa sababu hiyohiyo utapumua.

Angalia pia saa ya kufika. Baadhi ya meli hufika San Juan saa kumi alasiri na kuondoka usiku wa manane. Kwa mpenda muziki na chakula hiyo ni zawadi, maana mji mkongwe uko palepale unaposhuka. Lakini ngome ya El Morro, ambayo ndiyo fahari ya mji, hufunga milango yake jioni mapema, na wewe utaitazama kwa nje. Nassau nayo mara nyingi hupewa nusu siku. Jina "San Juan" kwenye tangazo ni lilelile. Siku ni tofauti kabisa.

Na kuna jambo la saa za nchi. Jamaika, Cayman na jimbo la Quintana Roo, zilipo Cozumel na Costa Maya, hawasogezi saa zao majira ya kiangazi kama wafanyavyo Florida na Texas. Meli nyingine hubaki na saa yake, nyingine hufuata ya bandari, na simu yako itajiamulia bila kukuuliza. Vaa saa ya mkononi, iweke kwenye saa ya meli, usiiguse. Ukitoka na matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe, basi likichelewa meli hungoja. Ukitoka kivyako, haingoji. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, kuachwa Meksiko ni kisa kirefu kuliko kwa Mmarekani, kwa hiyo safari za mbali nunua za meli, na za karibu nenda mwenyewe na uokoe pesa.

Kabla hujaangalia fukwe, uliza meli inafunga gatini au inatia nanga nje. Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua. Belize City ni vilevile, na kwa kuwa maji ni ya kina kifupi na kuna miamba ya matumbawe, meli husimama mbali na mashua huchukua karibu nusu saa kila upande. Kwa vijana ni mchezo. Kwa mama mwenye magoti mabovu, kuruka kutoka ngazi inayocheza hadi mashua inayocheza si jambo la kufanyia majaribio, na mwenye kiti cha magurudumu anaweza kukataliwa palepale kama bahari imechafuka. Kama unasafiri na wazazi, hili peke yake linaweza kukuamulia ratiba. Grand Turk, ambayo wapenda historia hawaitaji sana, ni mahali pazuri kwa familia ya vizazi vitatu, kwa sababu ufuko uko kando ya gati lenyewe: bibi atakaa kivulini akiwaona wajukuu majini, na meli iko nyuma yake akitaka choo chake.

Njia ya magharibi naisifu kwa mtu wa safari ya kwanza na kwa mwenye watoto. Bei huwa chini, miji ya kuondokea ni mingi, na maji ni mazuri ajabu: miamba ya Cozumel inafahamika kwa wazamiaji wa dunia nzima, lakini hata asiyejua kuogelea vizuri ataona samaki kwa miwani na koti la kuelea. Jamaika, ikiwa meli inasimama Ocho Rios, maporomoko ya Dunn's River yako jirani. Nine Mile, kijiji alikozaliwa na kuzikwa Bob Marley, kinafikika kutoka hapo kwa zaidi ya saa moja ya kona za milimani. Kama kwenu Marley ni wa heshima, nendeni, na msipange kitu kingine siku hiyo. Ikiwa meli inasimama Falmouth au Montego Bay, hesabu inabadilika, na ndiyo sababu neno "Jamaika" kwenye tangazo halitoshi. Uliza bandari ipi.

Roatán watu huichukulia kuwa ufuko tu, na ufuko wa West Bay kweli ni mzuri. Mimi ningekwenda upande mwingine, Punta Gorda, pwani ya kaskazini, wanakoishi Wagarifuna. Hawa ni kizazi cha Waafrika na Wakaribu wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent, ambao Waingereza waliwapiga vita, wakawapakia melini na kuwamwaga Roatán mwaka 1797. Kutoka hapo walienea pwani ya Honduras na Belize. Lugha yao, ngoma zao na mapishi yao ya muhogo na nazi bado yako hai, na msomaji aliyekulia pwani yetu atatambua kinu na mbuzi ya kukunia bila kuelezwa.

Njia ya mashariki ni ya fukwe na maduka. St. Thomas ina maduka mengi kiasi kwamba watu husahau kwamba kisiwa jirani cha St. John kwa sehemu kubwa ni hifadhi ya taifa. Panda teksi hadi Red Hook, kivuko dakika kama 20, halafu gari hadi ufuko wa Trunk Bay. Kwa siku ya kawaida inawezekana, mradi usianze kwa kununua mkufu. Huko St. John watu wa Akwamu, waliotoka nchi ambayo leo ni Ghana, waliinuka mwaka 1733 wakakishika kisiwa kwa miezi kadhaa. Wadenmark waliviuza visiwa hivi kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25, lakini gari bado huendeshwa kushoto. Mkenya au Mtanzania atajiona yuko nyumbani, mpaka agundue kwamba usukani nao uko kushoto kama wa Marekani. Mwachie dereva wa teksi.

Njia ya kusini ndiyo ninayoipenda. Inadai zaidi: ndege, muda, na mara nyingi fedha. Lakini visiwa vyake ni miji na watu, na vingi vinafaa kwa miguu. Nikiambiwa nichague bandari moja tu ya Karibi kwa msomaji wa Kiswahili, nitasema Willemstad, Curaçao. Meli hufunga upande wa Otrobanda, na kwa mwendo mfupi wa miguu unafika kwenye daraja la Queen Emma, la mwaka 1888, linaloelea juu ya maboya na kufunguka lote kwa pembeni meli inapopita. Ukilikuta limefunguka, kivuko kinakuvusha bure. Ng'ambo kuna majumba ya Kiholanzi yenye rangi kali, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Lakini usivuke haraka. Otrobanda kuna jumba la makumbusho la Kura Hulanda, linalosimulia biashara ya utumwa kutoka Afrika hadi visiwa hivi. Angalia siku za kufunguliwa kabla ya kwenda. Curaçao ilikuwa ghala la Waholanzi la kuuzia watu, na mwaka 1795 mtumwa aitwaye Tula aliongoza uasi uliozimwa kwa ukatili. Leo anaheshimiwa kama shujaa wa kisiwa. Watu mitaani huzungumza Kipapiamentu, lugha iliyosukwa kwa Kireno, Kihispania, Kiholanzi na lugha za Kiafrika, nao huisemea redioni, bungeni na sokoni bila kuomba radhi kwa mtu.

Barbados nayo ni ya watembeao. Kutoka bandarini hadi katikati ya Bridgetown ni chini ya nusu saa kwa miguu, na ufuko wa Carlisle Bay uko mbele kidogo. Kisiwa hiki kilimwondoa Malkia wa Uingereza kuwa mkuu wa nchi tarehe 30 Novemba 2021 kikawa jamhuri. Sanamu ya mtumwa anayekata minyororo, ambayo wenyeji huiita Bussa kwa jina la kiongozi wa uasi wa 1816, iko nje kidogo ya mji. Ni ya kwenda kwa gari. Ukipenda, panda yale mabasi madogo meupe yenye namba za ZR, muziki juu, abiria wamebanana, kondakta akining'inia. Mkazi wa Nairobi au Dar hatahitaji maelekezo.

Dominica ni kinyume chake: mji mdogo, milima mikubwa. Gati liko mbele ya Roseau, na maporomoko ya Trafalgar yako kama nusu saa kwa gari. Kila mwongozo utakutajia Boiling Lake, ziwa linalochemka juu mlimani. Ni matembezi magumu ya karibu siku nzima. Usiyaanze na meli ikikungoja. St. Lucia ina mtego wa namna hiyo. Ile milima miwili mikali ya Pitons inayopamba kila tangazo haiko bandarini Castries. Iko karibu na Soufrière, zaidi ya saa moja ya kona kusini. Nenda kwa mashua badala ya basi, kwa sababu milima hiyo huonekana vizuri zaidi kutoka baharini na hutatapika njiani. Antigua ina bandari ya kale ya Nelson's Dockyard, yapata dakika 40 kutoka gatini. St. Kitts ina ngome ya Brimstone Hill, iliyojengwa kwa mikono ya watumwa wa Kiafrika, na ukisimama juu yake siku ya mwanga unaona visiwa jirani. Zote mbili zinastahili. Zote mbili katika siku mbili mfululizo, kwa mtoto wa miaka kumi, ni ngome moja zaidi ya kiasi.

Vipi kuhusu visiwa vya binafsi? Kampuni kubwa zimenunua au kukodi vipande vya Bahama na kuvifanya fukwe zao: CocoCay ni ya Royal Caribbean, Ocean Cay ya MSC, Castaway Cay ya Disney. Chakula cha mchana kwa kawaida kimeshalipiwa, mchanga umefagiliwa, hakuna mtu wa kukubughudhi. Sivibezi. Kwa siku moja ya watoto ni raha kamili. Ila hesabu vizuri: ratiba ya siku nne yenye "Nassau na Bahama" inaweza kuwa nusu siku mjini na siku nzima kwenye kisiwa cha kampuni ambako mwenyeji utakayekutana naye ni mfanyakazi wa zamu. Kama ulitaka kuona nchi, hujaona. Na vivutio vya huko, kama mabwawa yenye mabomba ya kuteleza, vinaweza kuwa na bei ya kushtua kuliko matembezi ya siku nzima katika kisiwa cha kweli.

Majira yanaweza kupindua yote niliyosema. Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni katikati ya Agosti hadi Oktoba. Ndipo bei zinaposhuka, na sababu haijifichi. Septemba 2017 kimbunga Irma kilivunja St. Maarten, na majuma mawili baadaye Maria kikaipiga Dominica na Puerto Rico. Nahodha hataendesha meli kuingia kimbungani. Atabadilisha njia, na wewe uliyelipia St. Thomas utaamkia Cozumel. Ukilazimika kusafiri Septemba kwa sababu ya kazi, elekea Aruba, Curaçao na Bonaire, ambavyo viko kusini ya mapito ya kawaida ya vimbunga. Usiichanganye hiyo na kusini yote: tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilikiparua kisiwa cha Carriacou, sehemu ya Grenada, mapema kabisa katika msimu. Bima ya safari inunuliwe mapema, maana kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua haitakilipia.

Majira ya baridi nayo yana yake. Pepo za kutoka kaskazini hushuka Ghuba ya Meksiko kati ya Novemba na Machi na kuweza kufunga bandari ya Cozumel au kuzuia mashua za Grand Cayman. Upande wa mashariki upepo wa biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo meli iendayo St. Thomas inapanda dhidi ya upepo na mawimbi. Mwenye kichefuchefu achukue chumba cha chini katikati ya meli, au achague magharibi nje ya miezi ya baridi. Halafu kuna mwani. Tangu 2011 mwani wa kahawia unaoelea umekuwa ukisukumwa kwa wingi kwenye fukwe za Karibi zinazotazama mashariki, zaidi kuanzia Machi au Aprili hadi kiangazi, ukioza unanuka kama mayai mabovu. Costa Maya na Tulum huathirika. Upande wa magharibi wa Cozumel, zilipo fukwe nyingi za watalii, mara nyingi uko salama. Picha ya tangazo ilipigwa siku nzuri.

Tazama pia mtakuwa meli ngapi bandarini. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, hubeba abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa chumba, na ikijaa kabisa hufika 7,600. Dominica nzima ina watu kama 70,000. Meli ya ukubwa huo haiwezi kuingia kila mahali, kwa hiyo kabla hujachagua visiwa, ukubwa wa meli umeshakuchagulia: kubwa huenda kwenye magati makubwa, pamoja na kubwa nyingine. Bandari nyingi huchapisha kalenda za meli miezi mingi mbele. Itafute tarehe yako. Cozumel yenye meli mbili na Cozumel yenye meli sita ni sehemu mbili tofauti, na teksi zinajua.

Usinunue ratiba kwa ajili ya bandari moja tu. Mkataba wa abiria, ambao hakuna anayeusoma, unaipa kampuni haki ya kuruka bandari au kuibadilisha, na kwa kawaida utarudishiwa kodi za bandari hiyo peke yake, fedha kidogo. Kama roho yako yote iko Curaçao, na ukisikia imefutwa utalia, panda ndege uende Curaçao. Bei ya tangazo nayo si bei: ongeza kodi, bakshishi ya kila siku kwa kila mtu hata mtoto, maegesho ya gari bandarini, na intaneti. Beba dola ndogondogo. Visiwa vingi teksi hazina mita bali viwango vilivyopangwa, mara nyingi kwa kila kichwa, na chenji huwa shida. Anayekula halali apeleke ombi wiki nyingi kabla, na hata hivyo aulize jikoni siku ya kwanza.

Nimeacha hati mwisho, ingawa kwa wengi wetu ndizo zinazoamua. Mwenye pasipoti ya Marekani anaweza kuruka aya hizi. Mwenye kadi ya kijani abebe kadi na pasipoti ya nchi yake yenye muda wa kutosha, na aangalie kila kisiwa kwenye orodha, kwa sababu kisiwa chenye masharti makali kuliko vyote ndicho kinachoamua. Kampuni nyingi humkataa abiria asiye na viza ya bandari mojawapo hata akiapa kwamba hatashuka. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, lakini hazimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza uliyopewa kwa ajili ya Paris haitoshi kwa kujidhania. Mwanafunzi ahakikishe fomu yake ya I-20 ina saini ya chuo ya kusafiri. Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi asomewe viza yake vizuri: kama ni ya kuingia mara moja, meli inaporudi Miami au Galveston afisa wa uhamiaji anampokea kama mtu anayeingia upya, na nafasi yake ameshaitumia. Kutoka San Juan ni vivyo hivyo, ingawa ndege ya kwenda huko ni ya ndani ya nchi. Na aliye na maombi ya hifadhi au ya kadi ya kijani yasiyojibiwa asipande meli yoyote kabla ya kuongea na mwanasheria wake. Kutoka nje ya Marekani, hata kwa siku tano za kuogelea, kunaweza kuua maombi ya miaka.

Mzazi aliyewasili karibuni kutoka Afrika Mashariki aje na kadi yake ya manjano. Visiwa vingi hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa mtu aliyetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo kwenye orodha hiyo. Andikia kampuni ukitaja uraia wa kila abiria, aina ya viza yake na jina la kila bandari, kabla ya kulipa malipo ya kwanza yasiyorudishwa. Wakikujibu kwa simu, waombe waandike. Uchapishe huo ujumbe na uuweke pamoja na pasipoti ya mama, kwa sababu karani wa gatini asubuhi ya safari hana namna ya kumsikia yule uliyeongea naye mwezi Machi.